Mita ya Nyumba ya Mama

12 Januari

Kwako mdogo wangu,

Natumai barua hii itakukuta mzima, mifupa yote mahali pake, maana hiyo kazi yako ya kupasua mawe sijawahi kuiamini. Huku tupo. Cherehani yangu inadai mkanda mpya, mlango wa jikoni umeanza kugoma kufungwa, na paka wa mama amezaa tena, watatu, wote wana sura ya kununa. Nakuandikia kwa sababu hii ni wiki ya tatu simu yako haipatikani, na nimechoka kuzungumza na yule mwanamke anayejibu badala yako.

Shamba la jua limewashwa. Ndiyo, lile lile ulilosema ni ndoto za kamati. Paneli zimepangwa safu kwa safu pale palipokuwa malisho, zinakuumiza macho ukipita saa sita. Zahanati ina taa na friji ya chanjo. Pampu inapandisha maji mpaka tangi la shule. Seremala amenunua randa ya umeme na sasa hatusalimii vizuri. Nyumba mia na ishirini tulichanga, na kila hisa ina mita yake moja. Hata Barafu, muuza vinywaji wa pale njia panda, aliyetucheka tulipokuwa tunachanga, siku hizi anazunguka mlango kwa mlango akiuliza nani anauza hisa. Amenunua majokofu matatu na hana pa kuyachomeka. Nimecheka mpaka mbavu zikauma.

Sasa nisikilize. Unakumbuka mama aliuza ng'ombe wake wawili kulipia hisa yetu, na mimi nikatoa siku arobaini za kuchimba mitaro ya nyaya, mikono ikavimba nikashindwa kushika sindano. Halafu siku ya kuandikishwa akaandikisha jina lako. "Wewe utaolewa uende, huyu ndiye wa kubaki," alisema. Mimi nina miaka arobaini na mbili, na wewe ndiye uliyeondoka. Tulicheka siku ile. Yaani, mama alicheka.

Kwa kuwa hisa ina jina lako, ofisi ya shamba la jua inataka karatasi yenye sahihi yako kwamba mita ifungwe nyumba ya mama. Mistari miwili tu. Mama yuko zahanati kwa siku chache, mapafu yanamsumbua kidogo, na daktari anataka akirudi nyumbani awe na mashine ya kumsaidia kupumua. Zahanati wanaiazima bure, ila kwa nyumba yenye mita. Mama amesema nikuambie usiwe na wasiwasi, ni kitu kidogo tu. Basi nimekuambia.

Karatasi mpe dereva wa lori la mbao, ndiye aliyekuletea barua hii.

Dada yako


20 Februari

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, ya pili nikicheka peke yangu kuhusu seremala. Mimi mzima. Kazi ni ile ile, mawe hayaishi. Simu yangu iliingia kwenye mashine ya kusagia kokoto, usiniulize ilivyofika huko. Msalimie sana mama, mwambie mwanawe anamuota.

Hongereni kwa shamba la jua. Nakiri nilikosea. Huku nawaambia wenzangu kwetu umeme tunautengeneza wenyewe, hawaamini.

Kuhusu ile karatasi, usihangaike nayo. Nitaandika moja kwa moja ofisini, ni njia nzuri zaidi kuliko kupitia kwa dereva, unajua mambo ya kiofisi yalivyo. Na kwani kuna haraka gani, dada? Si umesema ni kitu kidogo? Mwache mama apumzike hapo zahanati, ahudumiwe, yeye amehudumia watu maisha yake yote.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Za siku? Sisi tupo, tunamshukuru Mungu. Mkanda wa cherehani nimepata. Paka mmoja amechukuliwa na jirani, wawili wamebaki wananuna.

Ofisini hakuna barua yako. Nimekwenda mara nne. Karani akiniona anaanza kutikisa kichwa nikiwa bado barabarani. Umeandika au hujaandika? Nijibu hilo peke yake, usinijaze salamu.

Mama yupo kwenye kitanda cha tatu, karibu na mlango wa chumba cha kujifungulia. Kila siku anasikia wanawake wengine wakipiga kelele na watoto wa watu wakilia. Hawezi kulala mchana, na mgeni yeyote anayekuja kuona watoto anampita akigusa miguu yake. Anataka nyumbani. Anataka chumba chake, dirisha lake, na kumkaripia muuza mkaa kama zamani. Anauliza asubuhi, anauliza jioni: "Babaangu ameandika?" Unajua ni wewe tu anayekuita babaangu. Mimi ananiita "wewe."

Nimefanya jambo ambalo huenda ni baya. Wiki iliyopita aliponiuliza nilichukua karatasi ya vipimo vya gauni la mteja, nikaishika mbele ya uso wangu, nikamsomea barua kutoka kwako. Macho yake hayaoni herufi tena, unajua. Nikasema umemsalimia, umeshatuma karatasi ofisini, tusubiri mafundi. Alifurahi sana. Akaniomba nisome tena, na mimi nikahangaika kukumbuka nilichosema mara ya kwanza. Jana ametaka nyingine, nikatunga tena.

Kila Jumamosi naenda shambani kuosha paneli. Ni sheria, kila hisa ina zamu yake, usipotokea unatozwa. Nakuoshea zamu yako na kichwa nimekifunga kitambaa, jua linanipiga kutoka juu na kutoka chini. Sijakulaumu kwa hilo. Naomba mistari miwili.

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Salamu zote kwa mama.

Mbona unanisukuma hivyo? Ofisi zina mwendo wake. Huenda barua imekaa mahali. Na nikuulize kwa upole tu, hivi zahanati si bora kuliko nyumbani? Kuna muuguzi, kuna daktari, kuna hiyo mashine tayari. Nyumbani nani atamwangalia ukiwa kwenye cherehani? Wakati mwingine tunawahamisha wazee kwa kuwa sisi tunataka, si kwa kuwa inawafaa.

Fikiria hilo.

Mdogo wako


25 Aprili

Wewe,

Leo sina salamu.

Jumamosi nilikuwa safu ya sita na ndoo na brashi. Msimamizi wa shamba akaja, akasimama karibu na ndoo yangu. Ni mtu wa heshima, hapendi maneno. Akaniuliza, "Mama, samahani, Barafu anakulipa ngapi kumuoshea?" Nikadhani ananitania. Nikamwambia Barafu hana hisa, aoshewe nini? Akasema, "Hii hisa uliyoshika zamu yake ni ya Barafu tangu Februari. Nilijua mmeelewana."

Nilimaliza safu. Sikutaka anione. Kisha nikaenda ofisini na nguo zangu zimelowa, karani akafungua daftari la hisa, akanionyesha. Jina lako limepigwa mstari. Jina la Barafu liko pembeni. Sahihi yako, ile ile yenye mkia mrefu uliyokuwa unajifunza nyuma ya madaftari. Tarehe tatu Februari.

Nimemuuliza dereva wa lori. Barua yangu alikukabidhi mkononi tarehe ishirini na mbili Januari. Akasema uliisoma papo hapo, ukaikunja, ukaweka mfukoni. Safari iliyofuata alikuletea karatasi ya Barafu na bahasha, hakujua ni za nini, na karatasi uliisaini juu ya boneti ya lori lake.

Kwa hiyo ulikuwa unajua. Barua yangu ilikuwa mfukoni na kalamu ilikuwa mkononi. Halafu ukaniandikia habari za kuwahamisha wazee! Miezi miwili na nusu nimemuoshea Barafu paneli zake bure huku akipoza soda, na mama yangu akiwa kitanda cha tatu!

Nimekwenda kwake. Nimempigia magoti, sikufichi, mbele ya wateja. Amenisikitikia kweli kweli, akanipa soda ya baridi. Akasema alinunua kwa haki, mbele ya shahidi, na majokofu ameyakopea. Kamati nayo inasema hisa mpya ni awamu ya pili, mwakani, na kuvuta waya kutoka kwa jirani ni marufuku, nyumba zote mbili zinakatwa.

Sasa nikuambie ambalo nilikatazwa. Mama akikaa nusu saa bila ile mashine midomo inabadilika rangi. Yuko hivyo tangu Desemba. Daktari hasemi habari za mwakani.

Jibu.


30 Mei

Dada,

Nimechelewa kwa sababu nimeandika barua hii mara nyingi na kuichana.

Kazi ya mawe iliisha Novemba. Walitupunguza, watu thelathini asubuhi moja, majina yakisomwa getini. Tangu hapo nabeba mizigo sokoni. Tunalala watano chumba kimoja. Simu haikuingia kwenye mashine yoyote, niliiuza. Sikutaka mama ajue. Anawaambia watu mwanawe ni fundi wa mawe, na mimi nilitaka aendelee kuwaambia hivyo.

Barafu alipotuma karatasi nilikuwa nadaiwa kodi ya miezi mitatu, na begi langu lilikuwa nje. Sijitetei. Lakini nikwambie jambo moja, na unisamehe. Niliitoa barua yako mfukoni kabla sijasaini. Niliisoma tena pale pale. Ilisema siku chache. Ilisema mapafu yanamsumbua kidogo. Ilisema usiwe na wasiwasi. Nikajiambia, basi, mama atapata nafuu, atarudi nyumbani, na mwakani nitanunua hisa nyingine. Ungeniandikia yale ya midomo, dada, wallahi nisingesaini. Ningelala nje na begi langu.

Nakuomba kitu kimoja tu. Usimwambie mama. Endelea kumsomea zile barua zako. Mimi nitatafuta njia.

Mdogo wako


18 Juni

Mdogo wangu,

Ni kweli niliandika vile. Mama aliniamuru nisikutie hofu, na mimi nikatii, kama nilivyotii kila kitu katika nyumba ile. Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa chini. Hapo umenipata.

Lakini habari za kuendelea kusoma zimekwisha. Wiki iliyopita fundi wa mita alikuja zahanati kurekebisha nyaya. Mama akamwita kitandani, akamvaa: kwa nini mnanichelewesha, mwanangu ameleta karatasi tangu Machi, mnataka rushwa? Yule kijana wa watu akaona aibu, akamjibu kwa adabu kabisa: "Bibi, sisi hatucheleweshi mtu. Hakuna karatasi yoyote iliyoletwa kwa ajili ya nyumba yako."

Nilipofika na chakula alikuwa ameketi. Hajaketi mwenyewe tangu Machi. Akaniambia, "Umeificha wapi?" Nikasema nini, mama? "Karatasi ya babaangu. Ameituma, umenisomea mwenyewe kwa mdomo wako. Umeificha ili nisirudi. Unaitaka nyumba uwe peke yako na cherehani yako."

Ningeweza kumwambia papo hapo. Maneno yalikuwa mdomoni. Nilimtazama akivuta pumzi nikayameza. Nikasema nitakwenda kuuliza ofisini. Akageukia ukutani.

Miaka kumi na miwili nimemuogesha, nimempikia, nimemsuka nywele. Posa mbili zimekuja na kurudi kwa sababu ningemwacha na nani? Leo ndiye ananiita mwizi, na wewe ndiye mtoto. Siwezi, mdogo wangu. Nimechoka mpaka kwenye mifupa.

Mwambie wewe. Namba ya simu ya muuguzi nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Azima simu hapo sokoni, piga saa za jioni, nimeshamwomba muuguzi ampe mama sikioni. Sitaki umrudishie mita, najua huwezi. Nataka ajue kwamba sikumzuia kurudi kwake. Nataka hilo tu, na nalitaka akiwa bado anasikia.

Dada yako


9 Julai

Dada,

Nilipiga. Nilipiga Jumatano, muuguzi akampa. Akasema, "Haloo? Babaangu?" Aliposema vile nikakata simu. Nikapiga tena Ijumaa, akasema vile vile, nikakata tena.

Sina uso wa kusema, lakini mkono ninao. Nimemwandikia. Msomee hii iliyo chini, neno kwa neno, usipunguze kitu kunihurumia.

*Mama, shikamoo. Ni mimi mwanao. Hisa uliyoninunulia kwa ng'ombe wako niliiuza kwa Barafu mwezi wa pili. Niliiuza nikijua unaihitaji. Sikuwahi kutuma karatasi ofisini. Barua ulizosomewa nyuma hazikutoka kwangu, dada alizitunga ili usiumie. Dada hana kosa hata moja. Kazi sina tangu mwaka jana. Nisamehe mama, na umsamehe yeye ambaye hakukukosea.*

Mdogo wako


28 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako ilifika Jumatatu. Nilifua gauni langu la kitenge, nikalipiga pasi ya mkaa, nikaenda. Usinicheke. Nilitaka kuwa safi.

Nilimsomea neno kwa neno kama ulivyosema. Pale kwenye Barafu nilikosea neno, nikaanza upya kutoka juu. Pale uliposema dada hana kosa nilisoma polepole, nikiri, nilitaka alisikie vizuri. Mashine ilikuwa inanguruma, kwa hiyo nilimsogelea mpaka karibu na sikio.

Nilipomaliza akauliza, "Zile za mwanzo ulizitunga wewe?"

Nikasema ndiyo, mama. Zile nilizitunga mimi.

"Na hii umeitunga wewe."

Nikamwambia hapana, mama, hii ni yake, nimeletewa na dereva, karatasi hii hapa ishike. Hakuishika. Nikamwita muuguzi, akaisoma yeye kwa sauti yake, yote. Mama akamsikiliza, kisha akamwambia, "Amekupa nini huyu?" Muuguzi akatoka nje kulia, ana miaka ishirini na minne, bado hajazoea watu.

Kisha mama akanieleza taratibu, bila hasira, akipumzika kila baada ya maneno matatu. Kwamba kumnyima karatasi angeweza kunisamehe, mtu huchoka kuuguza. Lakini kumwandikia mwanawe wizi, kumsingizia hana kazi, akiwa mbali hawezi kujitetea, hilo hataniachia. Akasema mtoto wake hawezi kufanya jambo kama lile. "Wewe unaweza," akasema. "Wewe ulizoea kunidanganya nimelala hapa."

Na hapo hakukosea.

Amenikataza kuingia tena. Chakula nakiacha mlangoni kwa muuguzi, naambiwa akijua kimetoka kwangu hakigusi, kwa hiyo muuguzi anasema ni cha zahanati. Sasa naye anamdanganya kwa ajili yangu. Naketi kwenye benchi la nje mpaka jioni, nikisikia anavyokohoa, kisha narudi nyumbani kushona.

Daktari ameniita jana ofisini kwake na kufunga mlango. Amesema nikuite kama unaweza kuja. Nimemwambia huna nauli. Akasema basi hata simu.

Barua yako nakurudishia, ipo humu ndani. Kwangu haina kazi tena, nimeisoma mpaka mwisho wa uwezo wangu. Mama hataamini karatasi yoyote inayopita mikononi mwangu. Sauti yako ataiamini. Namba ya muuguzi unayo. Atasema haloo, atasema babaangu, na wewe usikate. Sema tu. Chumbani mimi sitakuwepo, hataki niwepo.

Dada yako